Mzigo wa 2019: bado wanaweza kushtaki?
Ndugu, umeuliza kama mzigo uliotoka Marekani kwenda Iran kupitia Dubai mwaka 2019, bila kibali, bado unaweza kuzaa kesi. Inategemea mwezi. Makosa ya vikwazo chini ya IEEPA, sheria ya Marekani ya vikwazo vya kiuchumi, yalikuwa na ukomo wa miaka 5, lakini tangu 24 Aprili 2024 ni miaka 10. Wa Machi 2019 ulikuwa umeshapita, na sheria mpya haikuufufua. Wa Juni 2019 unashtakika hadi Juni 2029! Makosa ya ECRA yenyewe, sheria ya Marekani ya kudhibiti bidhaa zinazouzwa nje, yamebaki miaka 5. Ila kukiwa na njama, huhesabiwa tangu kitendo cha mwisho. Tafadhali usichane karatasi yoyote, na umwone wakili kabla hujamjibu mpelelezi.