Kompyuta inasema niliharibu hatua ya 5

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Ngamiani, Tanga, kidato cha tatu. Kwenye mashindano ya sataranji (chesi) nilishika nyeusi, tukacheza ufunguzi wa Kiitaliano (herufi na namba ni jina la mraba): e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6. Akarusha farasi g5. Nikasukuma d5, akala, nikala kwa farasi. Akatoa farasi wake kafara f7, mfalme wangu akamla, malkia wake akanipa cheki (akamshambulia mfalme) kutoka f3. Nikarudi g8, nikafa hatua ya 10. Kompyuta inasema kosa ni hatua ya 5. Kuna jamaa anauza orodha ya hatua za ufunguzi "usioshindika". Ninunue?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usinunue.

Hatua ya 5, kula d5 kwa farasi, ni mbovu kweli. Badala yake farasi wa c6 aende a5 kumbughudhi askofu. Utapungukiwa askari mmoja, lakini kete zako zitatoka huku zake zikikimbizwa. Hilo limekwisha.

Kilichokuua ni hatua ya 7. Malkia na askofu wanamlenga farasi wako wa d5, na anayemlinda ni malkia wako tu. Ukikimbilia g8, askofu anakula d5 kwa cheki, na mfalme hana pa kutokea: ngome yako imelala h8, askofu f8, askari g7 na h7. Ukipanda e6, mfalme mwenyewe anamlinda farasi. Inatisha, na mweupe yuko vizuri zaidi, ila una kete ya ziada na mchezo bado upo. Hukupanda kwa sababu ulikariri kwamba mfalme hujificha.

Hapo ndipo vijana wanaponichosha. Wananiletea karatasi za mchezo zimejaa alama nyekundu za kompyuta, nikiuliza "hapa uliwaza nini?", wanatazama simu. Kompyuta inakupa hukumu, sababu haikupi. Andika kwanza mawazo yako kando ya kila hatua, ndipo uiwashe.

Hao wauzaji ni matapeli tu. Mpinzani wako hakuisoma orodha yao, atatoka nje yake hatua ya 4, kama huyu. Tazama bure mchezo wa Morphy, bingwa wa sataranji kutoka Marekani, aliocheza Paris, 1858: hatua 17, malkia katolewa kafara, na wapinzani wake wawili waliokuwa wakishauriana hawakuwahi kusogeza askofu wa f8 wala ngome ya h8. Huyo jamaa akikupigia tena, mpangie mchezo wako hadi cheki ya f3, umwulize mfalme aende wapi na kwa nini.