Jibu: Viti vya Thonet miguu inacheza, usipige misumari

Habari ndugu. Umesema umepata viti viwili vya Thonet (ile kampuni ya Vienna ya viti vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke) hapo Moshi, miguu inacheza, fundi anataka kupiga misumari, na wewe hujui kama ni orijino. Kwanza mwambie asipige hata mmoja! Changu nilimwachia fundi huku Arusha akagongelea, mbao ikapasuka palepale kwenye mkunjo, roho inaniuma mpaka leo. Hivi viti vilitengenezwa ili vifunguke, ile modeli yao namba 14 ya mwaka 1859 ina vipande 6, skrubu 10 na nati 2 basi, zamani walikuwa wanavifungua vinasafiri ndani ya boksi halafu vinafungwa huko vinakofika, kwa hiyo chukua bisibisi ukaze taratibu, nati iliyolika badilisha.

Orijino sasa. Kipindue kiti, angalia ukingo wa ndani wa kikalio, tafuta mhuri au karatasi iliyobandikwa. Msasa usipite hapo kabisa. Ila hataza ya Thonet (haki ya kuvitengeneza peke yao) iliisha 1869 viwanda vingine vikaiga, kama J. & J. Kohn, navyo ni viti vizuri tu. Henzirani, yaani ule ufito uliosukwa kwenye kikalio, ikikatika tafuta msukaji, usibandike plaiwudi jamani. Weka picha ya huo ukingo tuone.