Uliza Ujibiwe: McGowan na Smith wanakuwaje ukoo mmoja?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mpwa wangu yuko Glasgow, anafanya kazi ghalani na jamaa wawili wenye asili ya Ireland, mmoja anaitwa McGowan na mwingine Smith, na wote wanasema ni ukoo mmoja wa kutoka wilaya ya Cavan huko Ireland, babu mmoja kabisa. Mpwa wangu anaona wanamtania tu. Hivi majina yasiyofanana hata herufi yanawezaje kuwa ya ukoo mmoja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, wala hawamtanii, na wametaja Cavan ndo penyewe hasa. McGowan ni jina la Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland na Scotland, yaani Mac Gabhann, ambalo makarani wa Kiingereza waliliandika walivyolisikia. "Mac" ni mwana, "gabha" ni mhunzi, yule mfua chuma, na likikaa nyuma ya Mac linageuka kuwa "gabhann", kwa hiyo jina zima ni mwana wa mhunzi. Ile bh usiisome kama b, inalainika inakuwa kama w, ndo unapata Gawan, halafu Gowan. Haya, na Smith kwa Kiingereza ni nani? Ni mhunzi huyohuyo. Ndugu wengine walibaki na sauti ya jina, wengine wakachukua maana yake, basi, ndo maana leo wanasimama pamoja ghalani na hakuna anayewaamini.

Sasa kwa nini mtu aache jina la babu yake achukue tafsiri, hapo ndipo mimi panaponiuma kwa kweli. Mwaka 1465, enzi za mfalme Edward IV wa Uingereza, ilipitishwa sheria kwa Waayalandi waliokuwa wanaishi katikati ya Waingereza kule Dublin, Meath, Louth na Kildare, kwamba wavae Kiingereza na wajiite Kiingereza, na majina wakachaguliwa kabisa ya namna gani, ama jina la mji kama Sutton au Trim, ama la rangi, mweupe mweusi au wa kahawia, ama la ufundi, mhunzi au seremala, ama la kazi ya nyumba kubwa kama mpishi, na anayekaidi mali yake inachukuliwa. Hebu fikiria unaambiwa jina la baba yako halifai, chagua rangi! Cavan yenyewe haikuwa ndani ya wilaya hizo nne, kule mambo yaligeuka zaidi baadaye, karne ya 17 na kuendelea, ardhi ya Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, ilipogawiwa walowezi kutoka Uingereza na Scotland na Cavan ikiwemo. Mwenye shamba Kiingereza, mahakama Kiingereza, mkataba Kiingereza, mtu unajikuta Smith kwenye karatasi hata kama nyumbani mama anakuita vingine. Kina Mac Gabhann wa Cavan wengi waliishia hivyo, lakini ukisogea Leitrim, Sligo na Donegal utakuta McGowan wamebaki wengi tu.

Na hilo jina halikuwa la kuonea aibu hata kidogo. Ireland ya zamani mhunzi alikuwa mtu mkubwa, sheria zao zilimpa heshima yake, na kwenye masimulizi yao kuna Goibniu, mhunzi wa miungu, ambaye jina lake limetokana na neno hilohilo la mhunzi. Tena watu walimwogopa, kuna sala ya kale sana wanayoihusisha na Mtakatifu Patrick, humo muombaji anaomba akingwe na uganga wa wanawake, wa wahunzi na wa makuhani wa kipagani, mhunzi katajwa katikati pale. Mtu anayelainisha chuma kwa moto huwezi kumchukulia poa. Wasomaji wa Upare hili hawatalishangaa, wanawajua Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi ambao waliwahi kutawala kabla ya Wasuya, na kina Mshana wapo mpaka leo hata kama mtu mwenyewe ni mhasibu.

Ila mpwa wako asije akaona kila McGowan ni ndugu wa kila McGowan. Mhunzi alikuwepo kila mahali, kwa hiyo jina lilizaliwa sehemu nyingi bila watu kuhusiana, hata Scotland alipo yeye wapo wenye jina hili ambao asili yao ni hukohuko Scotland, na wapo wanaoitwa Gow tu, mhunzi bila Mac, kama Niel Gow, mpiga fidla maarufu wa Perthshire aliyezaliwa 1727. Na Smith wengi ni Waingereza wa asili kabisa, wala hawana Mac yoyote nyuma yao. Cha kuuliza ni wilaya, na ikiwezekana parokia, jina peke yake halitoshi.

SWALI: Macintyre nayo ni kazi? Mwalimu wangu wa zamani aliitwa hivyo, alikuwa Mskoti.
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndiyo, Mac an t-Saoir, mwana wa seremala. Kwao ni Glen Noe, kando ya Loch Etive huko Argyll, na wana hadithi kwamba babu yao alikuwa baharini mtumbwi ukatoboka, akachomeka kidole gumba kwenye tundu, kisha akakikata kikabaki kimeziba ili mikono iwe huru kuendesha chombo. Hiyo ni hadithi ya ukoo, ichukue hivyo. Kinachonifurahisha mimi ni hili neno "saor", lina maana ya fundi na pia lina maana ya mtu huru, kwa hiyo Ireland watu wa jina hilohilo wengine wakatafsiriwa kuwa Carpenter na wengine wakaandikwa Freeman, yaani mtu huru, mbao zote zikapotea njiani.

SWALI: Kama Mac ni mwana wa kiume, mabinti wao wanaitwaje?
Dada msomaji, Mombasa

JIBU: Swali zuri dada. Kwa Kigaeli chenyewe binti haitwi Mac, anaitwa Nic, ambayo ni ufupisho wa maneno ya "binti wa mwana wa", kwa hiyo kaka ni Mac Gabhann na dada yake ni Nic Gabhann. Akiolewa Ireland na kuchukua jina la mume inakuwa Bean Mhic Gabhann, mke wa Mac Gabhann. Kwa Kiingereza yote hayo yamefutika, mama, binti, kaka, wote McGowan.