Maskati hadi Yas kwa gari: ukoo mmoja, bustani mbili

Miezi ya baridi ikikaribia, kundi letu la WhatsApp la familia huchangamka. Mmoja anatuma video ya watoto wanaoporomoka kwenye maji, mwengine anajibu "twendeni", na haipiti saa watu wote wameshafika kwa maneno kwenye bustani za michezo za kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, bila ya yeyote kuuliza nani ana pasi ya nchi gani. Mimi ndiye ninayesukumiwa mipango kila mara, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyeshika daftari.

La kwanza ni hilo la pasi. Sisi Waswahili wa Oman ni ukoo mmoja wenye karatasi za kila aina. Binamu zangu wengi ni raia, wao wanavuka kwa bataka tu, yaani kitambulisho, maana raia wa nchi za Ghuba hawaombani viza. Mume wa dada yangu anaishi hapa kwa ukaazi na pasi ya Kenya. Huyo lazima aombe viza ya Imarati, nchi yenye Abu Dhabi na Dubai, mtandaoni kabla ya safari, na ukaazi wake uwe bado una muda. Halafu kuna shangazi aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Huyu ndiye wa kuangaliwa zaidi.

"Shangazi, viza yako ya Oman ni ya kuingia mara ngapi?"

"Mwanangu, mimi si nimeshaingia? Mara ngapi tena ya nini?"

Ndiyo hivyo. Kama viza ni ya kuingia mara moja, akishapigwa muhuri wa kutoka imekwisha, na atarudi mpakani hana ruhusa ya kuingia tena alikotoka asubuhi. Bora umuulize mwezi mzima kabla kuliko kumgundua mkiwa kwenye foleni ya magari pale Wadi Jizzi. Na dawa zake za kila siku zifuatane na karatasi ya daktari. Imarati ni wakali kwa dawa za maumivu zenye kodini au tramadoli, hata kama huko kwenu daktari anaziandika kama kawaida.

Gari nalo lina pasi yake. Mulkia, ile kadi ya usajili wa gari, iwe halali, na kama gari si lako au bado ni la benki au la kampuni, chukua barua ya ruhusa. Bima ya Oman si lazima iwe inafanya kazi upande wa pili. Ipigie simu kampuni yako ya bima, uliza kama mnafunikwa Imarati na uombe ile kadi ya rangi ya chungwa. Bima huuzwa mpakani pia, lakini kununua pale huku watoto wanalia kwenye viti vya nyuma ni adhabu ya kujitakia.

Watu huniuliza kwa nini Abu Dhabi na si Dubai. Dubai ina mambo yake, sikatai. Kuna bustani ya maji ya Wild Wadi, iliyofunguliwa 1999, ambayo imejengwa juu ya visa vya Juha, ndugu yake Abunuwasi wetu tuliyehadithiwa utotoni. Kuna bustani nyengine ya maji, Aquaventure, pale kwenye kisiwa cha Palm, ambako bomba moja linakupitisha katikati ya papa. Lakini kwa kundi lenye wazee, watoto wachanga na vijana wasiokaa mahali pamoja, mimi nachagua kisiwa cha Yas. Bustani ya maji ya Yas Waterworld, bustani ya michezo ya kasi ya Ferrari World na duka kubwa la Yas Mall zipo jirani, na Yas Mall imeunganishwa moja kwa moja na Ferrari World. Mzee aliyechoka hahitaji kupelekwa hotelini. Anakwenda kukaa dukani penye baridi, anakunywa chai, anaangalia watu. Dubai utakuwa unapita milango ya ushuru ya Salik huku na huku, na foleni za jioni zinakula muda wa michezo. Abu Dhabi nako kuna ushuru wa Darb, ila milango yake mikubwa ipo kwenye madaraja ya kuingilia mjini, na ukilala Yas huna haja ya kuyavuka.

Njia tunayopenda sisi ni ya Sohar. Unatoka Maskati, unapita Barka, unafika Sohar, hapo unakata kushoto kupandisha milimani kuelekea Buraimi. Ofisi ya mpaka ya Oman mtaikuta Wadi Jizzi, kabla hata hamjauona mji wa Buraimi, na wageni wengi huipita akili zao zikiwa bado barabarani. Pigeni mihuri hapo, kisha endeleeni hadi Khatm Al Shiklah upande wa Imarati, mtokee Al Ain. Safari nzima ni kati ya kilomita 450 na 500. Ukisikia mtu anasema saa nne, huyo hana watoto. Weka saa saba, pamoja na mpaka, sala, na kusimama kunywa chai ya karaki.

Jazeni mafuta Sohar, kwa sababu petroli ya Oman ni nafuu. Na madereva wazungumzwe mapema kuhusu mwendo. Oman tumezoea kuwa kamera ina huruma kidogo juu ya kile kilichoandikwa kwenye kibao. Abu Dhabi iliiondoa huruma hiyo mwaka 2018: kibao kikisema 140 ni 140. Barabara ya Al Ain kuelekea Abu Dhabi ni pana na imenyooka, mguu unazama wenyewe. Mtoto wa chini ya miaka minne awe kwenye kiti chake maalumu, na kiti cha mbele si cha mtoto wa chini ya miaka kumi, hata akilia vipi kwamba anataka kumwona ngamia.

Sasa siku. Hapa watu hawahesabu vizuri. Oman tunapumzika Ijumaa na Jumamosi. Imarati, tangu Januari 2022, serikali na skuli zinafanya kazi nusu siku ya Ijumaa na kupumzika Jumamosi na Jumapili. Maana yake Ijumaa asubuhi ni mali yetu: sisi tumo likizoni, wenyeji wamo ofisini na watoto wao madarasani. Ombeni kazini ruhusa ya Alkhamisi na Jumapili, mwondoke Alkhamisi baada ya alfajiri, mfike mchana, mlale mapema. Ijumaa muwe mlangoni pa bustani ya maji kabla hawajafungua. Wanaume wanaotaka Ijumaa ya msikitini watoke adhuhuri wakasali, na watakaporudi watakuta umati umeanza kuingia, lakini watoto wameshapanda karibu kila kitu. Jumamosi ni ya Ferrari World, na Jumapili ni ya kurudi. Kama huwezi kupata ruhusa ya siku zote mbili, chagua bustani moja uiridhie. Kuendesha gari usiku wa Jumamosi ukitoka kupanda roli kosta, vile vigari vya reli vya kasi, mchana kutwa, na njiani kuna ngamia, mimi sikubali hata nikilipwa.

Maji yatangulie kwa sababu nyengine pia: nguo mbichi zitakauka usiku hotelini. Mkimalizia na maji, mtabeba mifuko inayotiririka hadi Maskati na gari litanuka wiki nzima.

Yas Waterworld ilifunguliwa Januari 2013 na imejengwa juu ya hadithi ya binti anayeitwa Dana anayetafuta lulu iliyopotea. Mtu anayejua kuwa kabla ya mafuta watu wa Ghuba walikuwa wakizamia lulu ataiona maana ya mapambo yale. Watoto wetu wao huona mahali pa kukimbilia tu. Kuna mto wa kuelea polepole ambao bibi yeyote anaweza kuupanda akiwa ameketi kwenye boya, na kuna Liwa Loop, ambako unasimama ndani ya kabati, unakunja mikono kifuani, na sakafu inafunguka chini ya miguu. Baina ya hayo mawili kuna Dawwama, boya la watu sita linalozungushwa ndani ya faneli kubwa. Hilo ndilo bora kwa ukoo, maana mnapiga kelele pamoja na hakuna anayemcheka mwenziwe.

Dada zangu huuliza kuhusu stara. Vazi la kuogelea la stara, lile la kufunika mwili mzima na kichwa, linakubaliwa bila tabu. Kisichokubaliwa ni baibui, kanga, fulana za pamba na nguo zenye zipu za chuma, kwa sababu za usalama. Kwa hiyo usijiambie utaingia na dira la zamani. Nunua vazi lenyewe nyumbani kabla ya safari. Madukani mle bustanini yapo, lakini bei itakufanya uahirishe kuoga. Leta pia viatu vya mpira, maana sakafu ya kule jua likiwa kali inachoma, na koti jepesi la kila mtoto. Jangwani wakati wa baridi maji ni mazuri, upepo ukitoka nje ndio unaotetemesha.

Kabla ya yote, pimeni urefu wa watoto nyumbani, ukutani, bila viatu. Hakuna kilio kikubwa kama cha mtoto aliyepanga foleni nusu saa akaambiwa na kijana mwenye fimbo ya kupimia kuwa hajafika. Formula Rossa, roli kosta kubwa ya Ferrari World, kwa mfano, inataka sentimita 140. Mtoto wa sentimita 137 ajue akiwa Maskati kuwa safari hii si yake, akasirike huko huko, na apewe kitu kingine cha kutazamia. Ukimwachia mtu wa mlangoni kumpa habari, umemtia mgeni kazi ya mzazi.

Ferrari World ni ya Novemba 2010 na sehemu kubwa imo ndani, chini ya paa jekundu, kwa hiyo jua la mchana halina kauli. Lakini Formula Rossa inatoka nje. Inafika kilomita 240 kwa saa katika sekunde tano hivi, na ilipofunguliwa ilikuwa roli kosta yenye kasi kuliko zote duniani. Unavalishwa miwani, na hiyo si mapambo: mchanga kwa mwendo ule ni kama sindano. Upepo ukizidi huisimamisha, kwa hiyo anayeitaka aiendee mwanzo kabisa, milango ikifunguliwa tu. Ni Jumamosi, wenyeji wapo, na kufikia saa sita mchana foleni yake inakatisha tamaa.

Na hapa ndipo penye neno langu kubwa. Kundi ni la barabarani na la mezani. Ndani ya bustani livunjwe. Ukoo unaotembea pamoja bustanini hutembea kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote na kwa woga wa mtu mwoga kuliko wote. Kila foleni inageuka kikao: huyu hataki, huyu anataka choo, huyu anamsubiri mama yake. Wanaopenda kasi waende zao wanne wanne, wenye watoto wadogo wawe na njia yao, wazee wabaki na simu na mkoba wa dawa. Wekeni saa moja na mahali pamoja pa kukutana kwa chakula, na kila mtoto avae bangili ya karatasi yenye namba ya simu ya mtu mzima. Mtu akikosa kuja kula, atakula alipo. Asitafutwe na watu kumi. Wazee wengine huona kuachana hivi ni ubinafsi. Mimi huwaambia tutakaa pamoja saa saba garini kwenda na saba kurudi, mapenzi yatapata nafasi.

Chakula cha kutoka nyumbani hakiingii bustanini. Sambusa, katlesi na maandazi ni vya njiani na vya hotelini usiku, na ndivyo vinavyookoa pesa, kwani bei za ndani ni za kumshika mgeni asiye na pa kwenda. Kuleni chakula kizito asubuhi. Kwa kulala, nyumba ya kupangisha yenye jiko ni bora kuliko vyumba vya hoteli kwa kundi kubwa, ila hakikisheni idadi ya watu mliyoandika ndiyo mnayoleta.

Pesa ziwe na mtu mmoja, na asiwe mpole. Tiketi kila mzazi ajilipie na watoto wake mtandaoni mapema, kwa tarehe, maana mlangoni bei hupanda. Mafuta, nyumba na chakula cha pamoja ndivyo vichangiwe, na mchango upokewe kabla ya kuondoka. "Nitakupa tukifika" isikubaliwe hata kutoka kwa ami mkubwa. Riali moja ni kama dirhamu tisa na nusu. Kubalianeni hesabu iandikwe kwa sarafu moja, vyenginevyo kila mtu atakuja na jibu lake. Kutoka Imarati kwa barabara kuna ada ya dirhamu 35 hivi kwa kila kichwa, na kwenye gari la watu saba hiyo si pesa ya kuokota mfukoni. Itiwe kwenye mchango tangu mwanzo, na mwenye kadi ya benki awe gari la mbele.

Jumapili mkirudi, simameni Sohar mle samaki na mfunge hesabu hapo hapo mezani, kabla gari moja halijachepuka Barka na jengine Seeb. Zikibaki riali tano, watoto wanunuliwe aiskrimu. Zikipungua, mshika pesa aseme watu wakiwa bado wameketi.