Dada unayetaka kumuacha mume kisa "si wa kiroho", soma hapa

Barua ya wiki hii ni ya dada mmoja wa Morogoro, ilikuwa ndefu nimeifupisha. Yuko kwenye ndoa mwaka wa tisa, watoto watatu, ameokoka miaka minne iliyopita na tangu hapo anafunga kila Jumatano na Ijumaa, mkesha hakosi, na yuko kwenye kamati ya maombezi ya akina mama. Mumewe ni fundi seremala, Mlutheri wa kuzaliwa, Jumapili anaenda ibada ya kwanza akirudi anakaa na mama yake ambaye amepooza upande mmoja na wanaishi naye hapo nyumbani. Mkesha haendi, ushuhuda hatoi, akiombea chakula ni "Baba asante kwa chakula, amina" basi. Dada anasema, "Shangazi, huyu mtu ana dini lakini hana wokovu, ananirudisha nyuma kiroho, na Biblia imesema tusifungiwe nira pamoja na wasioamini. Je, nikiondoka nitakuwa nimekosea?"

Mwanangu, pole. Kuwa na mwenzio ndani ya nyumba lakini lile jambo unalolipenda kuliko yote unalibeba peke yako, inachosha, hilo nakubali. Ila pole inaishia hapo.

Maana hebu turudi kwenye maneno yako mwenyewe. Umeandika kwamba Jumamosi moja umetoka mkesha saa kumi na mbili asubuhi ukamkuta uani anafua mashuka ya mama yake, ukamwambia Bwana asifiwe akaitikia kivivu, akasema chai iko kwenye chupa. Umeliandika hilo kama kosa lake! Mimi nilipofika hapo niliweka simu chini kwanza. Mwanaume amebaki nyumbani na watoto watatu na mgonjwa, usiku kaamka kumgeuza mama, mashuka yamechafuka kayaloweka anayafua kwa mikono, na katikati ya yote hayo amekumbuka kuna mke anarudi na baridi ya alfajiri akachemsha chai akaweka kwenye chupa isipoe. Halafu mtoto wa kiume kumbadilisha nguo mama yake mzazi, wewe ni mtu mzima unajua kwetu jambo hilo ni zito kiasi gani, kwa mama na kwa kijana mwenyewe. Analifanya kwa sababu mwanamke wa nyumba hiyo yuko kwenye maombezi ya wagonjwa wa watu wengine.

Yesu aliligusa hili Marko sura ya 7. Kulikuwa na watu wakisema mali ambayo ningewasaidia wazazi wangu ni Korbani, imeshatolewa kwa Mungu, basi mzazi anabaki anahangaika na mtoto anaonekana mcha Mungu kweli kweli. Akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Ijumaa zako umezifanya Korbani mwanangu, na anayelipa ni yule mama kitandani, ambaye barua yako yote umemtaja kwa kupita tu na hukuniambia hata anaendeleaje.

La mtoto ndilo limenitisha zaidi. Umemfungisha mtoto wa miaka saba, baba yake akamwita jikoni akampa uji, na wewe unalalamika kwamba "anabomoa madhabahu ya familia". Hapana. Hapo baba alifanya kazi ya baba na nakuomba usimguse mtoto huyo tena kwa habari ya kufunga. Jirani zetu Kenya, kule Shakahola kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu, na watoto walikuwemo wengi tu. Sisemi kanisa lako ni hilo, wala sisemi kufunga ni kubaya, mimi mwenyewe nafunga. Nasema siku moyo wa mzazi unapoacha kushtuka mtoto akilia njaa, hapo pana kitu kimeingia na sio Roho Mtakatifu.

Sasa fungua Luka 18 kuanzia mstari wa 9, usome polepole. Mfano ule Yesu aliwaambia "watu waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Wawili walipanda hekaluni kusali, Farisayo, mtu wa dini aliyeshika sheria sana, na mtoza ushuru. Farisayo yule hakudanganya kitu ujue, kufunga alikuwa anafunga kweli, mara mbili kwa juma kama wewe, zaka anatoa, uzinzi hana. Alichoharibu ni kwamba amesimama mbele za Mungu huku jicho liko kwa jirani yake, "nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine... wala kama huyu mtoza ushuru". Yule mwingine kasimama mbali, anajipiga kifua, sala yake ni sentensi moja, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Sentensi moja. Kwa hiyo usinipimie imani ya mtu kwa urefu wa sala ya chakula.

Na hii siku hizi imekuwa ugonjwa kwenye ndoa za wakristo, sio kwako tu. Mke anajua maandiko kuliko mchungaji lakini mumewe akiongea anakatwa, mume ni mzee wa kanisa anashika kipaza sauti watu wanalia halafu nyumbani mwezi mzima hajamsemesha mkewe. Magrupu ya maombi ya WhatsApp saa tisa usiku watu wako macho, asubuhi house girl anatukanwa kwa sababu ya chumvi. Tumekuwa hodari wa kuonekana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu wa Mungu ukimwona anajitembeza sana uwe na wasiwasi naye. Heri wenye moyo safi, maana hao watamwona Mungu, ndivyo ilivyoandikwa Mathayo 5, haikuandikwa heri wenye sauti kubwa. Moyo safi unaonekana mtu anapofanya jambo hakuna anayemwona, na kwa barua hii uliyoileta mwenyewe, mwenye kufanya mambo gizani bila kutangaza ni fundi seremala.

Swali lako nalijibu. Ukiondoka utakuwa umekosea, na vibaya sana. Huo mstari wa nira umeutoa mahali pake, mumeo anaamini, amebatizwa, ana kipaimara, anaenda ibadani. Na hata angekuwa haamini kabisa, Paulo kwenye Wakorintho wa kwanza sura ya 7 anasema mume akikubali kukaa na mkewe, mke asimwache. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Fanya hivi. Ijumaa hii usiende mkesha, mwambie mumeo alale, wewe ukeshe na mama mkwe, umgeuze, umpake mafuta mgongoni, usali hapohapo kitandani kwake. Mikesha mingine mtapangiana na mumeo, mwezi mara moja inatosha kwa nyumba yenye mgonjwa.

Halafu kuna lile umelipitisha haraka haraka mwishoni, kwamba ulisimama mbele ya akina mama ukaomba wakuombee una mume asiyeokoka. Wale ni majirani zake, wengine ni wateja wake wa vitanda na makabati, wanamwangaliaje sasa? Ulimchafua mbele za watu, kamsafishe mbele za watu walewale. Omba nafasi ya ushuhuda, waambie nilimsema vibaya mume wangu na haikuwa kweli, ukae chini. Usiseme kwamba Mungu amembadilisha.