Ukuta wa seli au utando wa seli?

SWALI: Namwelekeza binti yangu biolojia kwa Kiswahili ili aielewe vizuri. Nilimwandikia: "Kitunguu kikilowekwa kwenye maji ya chumvi, ukuta wa seli husinyaa." Kaka yangu anasema ni "utando". Kwani si kitu kimoja? Na wingi wake ni upi? (Msomaji, Temeke, Dar es Salaam)

JIBU: Kaka yako yuko sahihi. Seli ya mmea ina vyote viwili, na kila kimoja kina vitenzi vyake.

Ukuta uko nje. Umejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizoshikana na hemiselulosi na pektini, vitu vinavyoziunganisha kama gundi. Kwenye mbao huongezeka lignini, kitu kinachoukaza ukuta, ndiyo maana mninga hutaka msumeno na mchicha hukatika kwa ukucha. Ukuta hubana, hubeba na huizuia seli isipasuke inapojaa maji. Lakini maji na chumvi hupenya humo, kwa hiyo usiandike "ukuta wa seli huchuja". Kinachochuja ni utando, tabaka jembamba la mafuta na protini lililo ndani ya ukuta. Seli ya mnyama ina utando tu.

Mthibitishie binti kwa hadubini. Bandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, itandaze kwenye kioo, kisha idondoshee maji yenye gramu 5 za chumvi katika mililita 100. Baada ya dakika chache rangi ya zambarau, iliyozungukwa na utando, itajikusanya ndani, huku mistari ya kuta ikibaki karibu palepale. Andika basi: "Utando umejitenga na ukuta." Kitunguu cheupe kitawasumbua, kwa sababu rangi ndiyo inayoonyesha mpaka wa utando. Msikiache humo muda mrefu pia: seli zikifa, hazijai tena hata mkizirudishia maji yasiyo na chumvi.

Mchicha ulionyauka juani ni habari nyingine. Pale ukuta umekosa msukumo wa maji kutoka ndani, nao hujikunja pamoja na utando. "Ukuta umelegea" ni sawa kabisa.

Wingi ni kuta na tando: ukuta mgumu, kuta ngumu, utando mwembamba, tando nyembamba. "Ukuta ngumu" husikika sana mjini, lakini katika sayansi humwacha msomaji akijiuliza kama ni mmoja au ni nyingi, na idadi hapa ina maana. Seli mbili jirani hazichangii ukuta mmoja. Kila moja ina wake, na katikati pana tabaka lenye pektini nyingi linalozigandisha. Kwa hiyo andika "kuta za seli jirani", si "ukuta uliopo kati ya seli". Ndivyo utakavyoweza kueleza hata sufuria ya viazi: vikichemka, selulosi ya kuta haiyeyuki, pektini iliyozigandisha ndiyo inayolegea, na seli zinaachana.