Kadi mbili za njano, safari moja ya Mombasa

SWALI: Naishi Tanga mjini. Likizo ya Juni nataka kuwapeleka wanangu Mombasa siku tatu wakaione Fort Jesus, ile ngome ya kale. Mkubwa ana miaka 7, mdogo ana miezi 8 na bado ananyonya. Nitaendesha mwenyewe, ila gari lina jina la baba yao, naye yuko kazini Mwanza. Jirani kanihimiza nisisahau kadi ya njano ya chanjo. Shemeji anasema kadi ya njano ni ya bima. Nimfuate nani? Na watoto nao wanahitaji pasipoti?

JIBU: Dada, wote wawili wamekuambia kweli. Kadi ni mbili, na zote zinakuhusu.

Nianze na ya chanjo ya homa ya manjano, maana ndiyo inayohitaji kuanza mapema. Wengi huogopa kuulizwa Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, lakini kwako wewe swali lenyewe linakuja mkirudi. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huu, na Tanzania humtaka anayetoka nchi za namna hiyo, akishatimiza mwaka mmoja, aonyeshe cheti. Unaweza kuingia Mombasa salama, ukaja kukwama Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, nyumbani kwako. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mkubwa apelekwe si chini ya wiki mbili kabla. Kikishapatikana ni cha maisha. Hata cha zamani kilichoandikwa miaka 10 kinakubalika tangu Julai 2016.

Mdogo hadaiwi, na chini ya miezi 9 hachanjwi. Ninayekufikiria zaidi ni wewe. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na vinaweza kumfikia mtoto mchanga kupitia maziwa. Kama hujawahi kuchanjwa, usikae kwenye kiti cha sindano kabla hujasema kwamba unanyonyesha mtoto wa miezi 8. Mganga anaweza kukushauri usubiri, au akakuandikia cheti cha msamaha kwa sababu za kiafya. Ningekuwa nduguyo ningekuomba usogeze safari mbele kidogo. Fort Jesus haihami.

Kadi ya pili ni ya bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Iombe kwa kampuni iliyokata bima ya gari lako, ukiwatajia Kenya na tarehe zako. Hapa watu hujidanganya: kadi hii hulipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine, pamoja na matibabu ya dharura ya mliomo garini. Gari lako likibondeka au likiibwa, haihusiki. Hata kama una bima kubwa, waulize kwa maandishi kama inavuka mpaka.

Karatasi nyingine ni nyepesi. Viza hamhitaji, ila kila mtoto awe na hati yake, pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Baba yao aende kwa wakili mara moja atoe barua mbili: ya kukuruhusu kuvusha gari, na ya kuridhia watoto kusafiri na wewe. Ziambatanishe na kadi ya gari na vyeti vya kuzaliwa. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Kisome tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani.

Kuingia mjini, barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni, lakini mtoto wa miaka 7 nisingemnyima feri.

Ngomeni nendeni saa mbili asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Msimwage historia yote kwa mtoto. Mpeleke kwenye vitu vilivyotolewa katika meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome hiyo hiyo wakati wa mzingiro, kisha mpandishe ukutani mtazame maji ilimozama. Jioni shukeni Lighthouse, barabara ya Mama Ngina, mle mihogo ya kukaanga na madafu mkitazama meli zinavyoingia bandarini.